Paneli za Kuonekana Barabarani

Odeta Kashaija alikuwa fundi umeme, na kwa kuwa alikuwa mwanamke, kila aliyemkuta juu ya ngazi alimuuliza fundi yuko wapi. Kazi alijifunza kwenye karakana ya misheni huko kwao Bukoba, kisha akahamia Buzuruga, Mwanza, na mumewe na binti yao, Nice. Mwaka 1994 aliajiriwa na kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Zamani jengo lile lilikuwa ghala la ushirika. Sasa lilikuwa limebinafsishwa, yaani limepakwa rangi.

Mgawo wa umeme ulikuwa mkali. Jenereta ilihudumia majokofu tu. Ofisi zilikaa gizani na redio ya mawasiliano ikawa pambo la mezani. Meneja, Bwana Chenge, akaagiza paneli kumi na sita za umeme wa jua.

"Mama Nice, zote zikae juu ya paa, upande wa barabarani," aliamuru. "Kiwanda cha kisasa lazima kionekane."

Odeta alipanda na nyundo. Alitambaa kwa tumbo siku nzima akigonga bati na kusikiliza mbao zilizo chini yake, kisha akashuka na habari ambazo mameneja hawazipendi, yaani za kweli.

"Bosi, barabarani kuna lile jabali. Kivuli chake hakiondoki mpaka saa tano. Halafu korongo wanaosubiri mabaki ya samaki wanatua palepale. Upande wa ziwani jua lipo, ila mapao manne yameoza. Tubadilishe mbao kwanza."

"Mbao hazimo kwenye bajeti."

"Korongo wamo?"

Chenge hakucheka. Alimwonyesha mchoro wa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, ambaye hakuwahi kufika Mwanza na kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote. Kwenye mchoro paa lilikuwa safi, halina jabali wala ndege. Odeta akafunga paneli alikoambiwa.

Korongo walizipokea vizuri. Kwa wiki moja wakawa wamezipaka chokaa ya kwao, na kile kijua kilichobaki baada ya jabali kikaishia hapo. Ilipofika saa tatu asubuhi betri zilikuwa zimekwisha.

"Umefunga vibaya," Chenge akasema.

Siku ya uzinduzi likajengwa jukwaa la mbao mpya. Kumbe bajeti ilikuwa na mbao, za kukanyagwa na viongozi. Mgeni rasmi alibonyeza swichi, taa zikawaka, watu wakapiga makofi. Nyuma ya stoo jenereta ilikuwa inanguruma, sauti yake ikifunikwa na kwaya. Chenge alishukuru jua kwa dakika ishirini. Odeta alikuwa amewekwa nyuma ya umati na fagio refu la kufukuzia korongo. Hakupiga makofi. Aliona aibu kana kwamba uongo ule ameusema yeye.

Jumatatu Chenge akaenda Dar es Salaam kuhudhuria semina ya ufanisi. Odeta akamfuata mtunza stoo, Mzee Shimba.

"Shikamoo mzee. Lile jukwaa lina kazi nyingine?"

"Marahaba. Lina kazi ya kuoza," Shimba akajibu, akamtafutia msumeno.

Kwa siku nne walitoa mapao mabovu, wakaweka ya jukwaa, wakahamishia paneli zote upande wa ziwani. Siku ya tano redio iliita tangu asubuhi hadi jioni.

Chenge aliporudi alisimama barabarani akitazama paa tupu. "Paneli ziko wapi?"

"Ziko kazini, bosi."

Alifoka mpaka redio ikaita. Mgawo wa siku hiyo ulikuwa umeanza, na mnunuzi alikuwa anauliza mzigo wake. Chenge akajibu kwa sauti tamu: naam, kiwandani kwetu umeme haukatiki.

Mwisho wa mwezi yalikuja mambo mawili. Chenge alipata barua ya pongezi kwa ubunifu. Odeta alipata barua ya onyo kwa kuhamisha mali ya kiwanda bila kibali. Aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi, akaenda kuosha paneli, kwa sababu wadudu wa ziwani walikuwa wamezifunika usiku.

Mwaka uliofuata kiwanda cha kuchambua pamba huko Misungwi kikamwita. Meneja wake alianza kwa kumkaribisha chai na kumweleza paneli angependa zikae wapi.

"Chai nitakunywa, asante," Odeta akasema. "Kwanza nionyeshe ngazi."