Gari Lililovuliwa Kofia

Munyiva hakuwahi kumsalimia mtu kabla ya kulisalimia gari lake. Ukiingia kwenye yadi yake, pale barabara ya kutoka mjini Machakos kwenda Mumbuni, hujazima injini vizuri unamkuta ameshapiga magoti mlangoni pako, pua imezama kwenye kapeti. Ananusa kama maji yaliwahi kuingia. Akitoka hapo anauvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, maana gari la mafuriko litaoshwa kila mahali, lakini mwenye kuliosha husahau ncha ya mkanda. Ndipo anasimama, anapangusa magoti, na kukuambia, "Habari yako. Umesema hili gari lilikuwa la nani?"

Na wewe hujasema chochote.

Yadi yenyewe haikuwa ya kumnyima mtu usingizi kwa wivu. Kiwanja cha kokoto, paa la mabati, magari matano siku ikiwa njema, na kontena la buluu lililotobolewa dirisha likapandishwa cheo kuwa ofisi. Kila gari lilikuwa na kibao cha INAUZWA, hata lile kuukuu la Munyiva mwenyewe la kwendea sokoni. Mteja hachaguliwi.

Watu wa Mumbuni watakuambia Munyiva alizaliwa akimshuku mkunga. Huo ni uongo. Zamani alikuwa mtu wa kuamini, na kuamini kulimtoka siku aliyomuuzia Muema, kiongozi wa kwaya ya kanisa lake, gari moja la saluni, jeupe, la kupendeza. Muema aliliendesha akijipigia honi mwenyewe, mpaka siku fundi alipoliinua kumwaga oili, akaita wenzake waje waone. Gari lilikuwa magari mawili. Mbele kulikuwa kwa mtu aliyegongwa nyuma, nyuma kulikuwa kwa mtu aliyegongwa mbele, na katikati palipita mshono wa weldingi mnene kama kovu la upasuaji. Munyiva naye alikuwa ameuziwa hivyo hivyo, na broka mmoja wa Nairobi aliyemwita kila mtu "mum".

Aliuza ng'ombe, akamrudishia Muema pesa yake yote. Lakini jina halirudishwi kwa ng'ombe. Yadi ikabatizwa Nusu-Nusu. Wakati wa sadaka, wanakwaya waliinamiana wakinong'ona, "Leo labda atatoa nzima."

Tangu hapo alikuwa akijenga jina upya, gari moja moja, na sasa alikuwa amepata mtu wa kumtoa aibu. Mwalimu Muringo, mama wa kutoka Nyeri aliyefungua shule ya chekechea mjini, alitaka gari la kubeba watoto. Muringo alikuwa mgeni. Hakuwa amesikia habari za Nusu-Nusu. Gari hilo lingepita milangoni kwa wazazi kila asubuhi. Likiwa zuri, jina la Munyiva lingepanda ndani na kutembea nalo. Likiwa bovu, afunge kontena akalime mbaazi kwao Muthetheni, na huko nako wangemuuliza kama mbaazi ni nzima.

Basi ndipo akaja Aloys na Noah ya kijivu.

Aloys alikuwa katekista wa Masii, mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, sauti ya mtu aliyezoea kusema "tusimame".

"Unauza kwa nini?" Munyiva akauliza, kapeti likiwa limeshanuswa. Lilinukia sabuni.

"Nimechoka nalo, mwaitu," Aloys akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Limekuchosha aje?"

"Halinipi nafasi ya kupumua."

Munyiva akaiweka hiyo moyoni kama kelele ya giaboksi. Kisha akataja bei ya matusi. Katika biashara hii bei ya kwanza ni ya matusi kwa desturi. Unaitaja ili mwenye gari ashike kifua, amwite Mungu, aondoke hadi barabarani, arudi. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Aloys akasema, "Ni sawa."

Kisilu, fundi wa yadi, alikuwa amelala chini ya gari jingine. Alitoka bila kuitwa, spana mkononi, aone mtu huyo ni wa namna gani.

"Umesema ni sawa?" Munyiva akauliza.

"Ni sawa."

Mtu hakubali bei ya kwanza isipokuwa mali aliiiba, au anaikimbia. Munyiva akamwambia aache gari, ataliangalia, akiridhika atamlipa. Aloys akaacha funguo na kwenda zake, wala hakugeuka nyuma. Na mtu hugeuka nyuma hata akiuza jogoo.

Gari likapinduliwa kama mfuko wa mwizi. Namba za chasisi zililingana na za injini. Rekodi za mtandaoni zilisema ni la Aloys, halina deni, halina kesi. Kisilu alitafuta mshono wa weldingi kwa tochi, kisha kwa vidole, kisha kwa hasira.

"Bosi, hii gari ni nzima kuliko mimi. Hata injini inaonekana haijawahi kukimbizwa. Ni kama ilikuwa inaendeshwa na mtu anaogopa kufika."

"Na hizi?" Munyiva alikuwa ameinama nyuma. Viti vya nyuma vilikuwa vipya kabisa, havijakaliwa. Lakini bolti zilizovishika zilikuwa zimelika vichwa, za kufunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa. "Mtu anang'oa viti kila siku abebe nini? Ni makaa."

"Makaa inaacha vumbi."

"Mbuzi za wizi."

"Mbuzi zinaacha zawadi."

"Mchanga basi."

"Na Noah, bosi? Si afadhali abebe na sufuria."

Munyiva akampigia Aloys simu. Ulibeba makaa? Hapana, mwaitu. Mbuzi? Hapana. Umewahi kushikwa na polisi? Hapana. Umewahi kufungwa? Hapana. Mke wako anajua unauza? Yeye ndiye alinituma. Kila jibu lilikuja taratibu, bila kukwaruza popote, na Munyiva akakata simu akiwa amekasirika kama mtu aliyetafuna chakula akitafuta jiwe asilipate.

"Kesho ni soko Masii," akamwambia Kisilu. "Tunaenda na hilo gari. Kama lilibeba vya wizi, kuna mtu atalitambua."

Lilitambuliwa kabla hata hawajafika sokoni. Mzee mmoja aliyekuwa akiendesha baiskeli na gunia la ndengu aliliona likija, akashuka, akasimama kando ya barabara na kuvua kofia.

"Unamjua?" Munyiva akauliza.

"Mimi? Hata."

Mbele kidogo, kijiweni kwa bodaboda, vijana waliokuwa wakipigiana kelele wakanyamaza. Mmoja akazima redio. Mwingine akavua helmeti, jambo ambalo hata trafiki hawajawahi kuona maana siku nyingine zote huwa haivai. Mama mwenye beseni kichwani akafanya ishara ya msalaba kwa mkono uliobaki. Barabara yote ikawapisha, malori, mikokoteni, mpaka ng'ombe wakavutwa pembeni. Kisilu, aliyeanza kufurahi, akainua mkono akapunga kama mheshimiwa. Hakuna aliyempungia.

"Bosi, labda nafanana na mtu."

"Nyamaza uendeshe."

Penye vibanda vya nafaka wakalazimika kusimama. Mama mmoja muuza ndengu akaacha mizani yake, akaja dirishani, mikono yote miwili kifuani.

"Aiya," akasema kwa sauti ya chini. "Ni nani tena?"

"Nani nini, mwaitu?" Munyiva akauliza.

"Mmemleta nani?" Akachungulia nyuma, akaona viti. Akachanganyikiwa. "Ama hajatoka mochari bado?"

Kisilu akaondoa mikono kwenye usukani kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Hii gari," Munyiva akasema polepole, "hubeba maiti?"

"Kwani Masii kuna ingine? Mzee wangu alienda na hiyo. Alienda vizuri, polepole, hakurushwa hata tuta moja." Yule mama akaupapasa mlango kwa upole, kama anayemsalimia jamaa, akarudi kwa mizani yake.

Walimkuta Aloys nyumbani akichambua mbaazi. Hakushangaa. Aliwaletea viti.

"Nilianza na jirani," akasema. "Hawakuwa na gari la kumtoa mochari. Nikang'oa viti, nikamleta. Wiki iliyofuata akaja mwingine. Sasa nitasema nini? Ukibeba wa huyu ukatae wa yule, umesema maiti ya nani ndiyo bora? Hiyo ningevumilia. Lakini mimi ni katekista. Kazi yangu ni kutembelea wagonjwa." Akasukuma sahani ya mbaazi kando. "Mgonjwa wangu mmoja, mama yake Musili, alikuwa anakunywa uji nje ya nyumba, amepata nafuu. Nikasimamisha gari langoni. Akaliangalia, akaweka kikombe chini, akageukia ukuta."

"Akafa?" Kisilu akauliza.

"Hakufa. Yuko. Lakini mpaka leo hataki kuniona. Sasa nitanunua pikipiki. Jeneza halipandi pikipiki."

"Katekista," Kisilu akasema, "huwajui watu wa Masii."

Munyiva hakucheka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Mwaitu, uliniuliza makaa. Ukaniuliza mbuzi. Ukaniuliza kama nimewahi kufungwa. Yote nilijibu. Hilo hukuniuliza."

Munyiva akaligeuza jibu hilo upande huu na huu, akalinusa kama kapeti. Halikuwa na maji. Hilo likamsumbua zaidi. Akamlipa, na safari hii yeye ndiye aliyeongeza juu ya bei, akijilaumu kwa kila noti.

Njia yote ya kurudi Kisilu alihubiri ukimya. Mjini nani anajua? Wenyewe waliobebwa hawatakuja kulalamika. Munyiva aliangalia mashamba yakipita. Watoto wa chekechea wana nyanya, na nyanya wengine wanatoka Masii. Siku moja nyanya atakuja kumchukua mjukuu getini, atamwona akishuka kwenye lile gari, na Nusu-Nusu itapata jina jipya, baya kuliko la kwanza. Na tena, yule broka wa "mum" naye si ndivyo alivyofanya? Alinyamaza tu.

Muringo alikuja Jumamosi. Munyiva akamkalisha kivulini na kumwambia yote, mochari, kofia, uji wa mama yake Musili. Muringo alisikiliza akiwa amekumbatia mkoba. Mwisho akauliza:

"Nani amekupa zaidi?"

"Nini?"

"Usinichezee, Munyiva. Mimi nimelelewa sokoni. Sijawahi kuona mtu akitukana gari yake mwenyewe. Umepata mteja mwingine, sasa unanitisha na maiti nijiendee."

"Naapa..."

"Usiape. Mtu akiapa ndiyo nashika mkoba."

Akaweka miwani vizuri, akapiga magoti kwenye kokoto na gauni lake la heshima, akaingiza pua kwenye kapeti. Kisha akauvuta mkanda mpaka mwisho. Munyiva alisimama juu yake, mikono haijui pa kwenda, akitamani kumwambia, mama, hiyo ni kazi yangu. Hakuwa amewahi kujua inavyouma upande huu.

"Twende mjini," Muringo akasema akiinuka. "Endesha wewe. Nataka kuona huyo wa kuvua kofia, Masii au si Masii."

Mjini hakuna aliyevua chochote. Mwenye mkokoteni aligoma kuwapisha, akaongeza na tusi. Makanga mmoja wa matatu aligonga boneti wasogee.

"Unaona?" Muringo akasema. "Heshima iko wapi?"

Munyiva angegeuza hapo hapo, lakini gari jingine lilikuwa nyuma yake, na njia iliyobaki ilipita mbele ya kanisa lao. Kwaya ilikuwa inatoka mazoezini. Muema alikuwa mbele, joho begani. Alipomwona Munyiva kwenye usukani hakuvua kofia. Aliinama, akachungulia chini ya gari, kisha akainuka na kuuliza kwa sauti yake ya besi, "Munyiva! Hilo nalo umeliunganisha na nini?"

Kwaya ikacheka kwa sauti nne.

"Kuunganisha?" Muringo akauliza.

Munyiva akazima injini. Akamwambia. Saluni nyeupe, mshono, ng'ombe, jina la yadi, sadaka. Muringo aligeuka kumtazama vizuri.

"Umeniambia wafu wote wa Masii mmoja mmoja. Hii hukuniambia."

Jibu lilikuwa limeshafika ulimini: hukuniuliza. Munyiva akalisikia kwa sauti ya Aloys, akalimeza.

"Niliogopa ungeenda," akasema.

Muringo akafungua mlango, akashuka. Basi, Munyiva akajisemea, kumekwisha. Mbaazi za Muthetheni zinaningoja. Lakini Muringo alimwendea Muema.

"Wewe ndiye wa nusu-nusu?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Pesa yako ulirudishiwa?"

Muema akatazama joho lake. "Yote. Aliuza ng'ombe."

"Na bado unamcheka?"

"Ni mzaha tu, mwalimu."

"Ulirudishiwa lini?"

Muema akakohoa. Wanakwaya wakakumbuka walikuwa wakienda mahali.

Muringo akarudi, si upande wake, upande wa dereva. "Sogea. Naendesha mimi."

Munyiva akasogea. Gari likaingia barabarani, taratibu kama lilivyozoea, wala halikushika njia ya yadi. Lilishika njia ya shule.

"Haya," Muringo akasema, macho mbele. "Anza kuniambia yale sijauliza."

Munyiva akaanza na mlango wa nyuma, ambao hukwama mvua ikinyesha, inabidi uuinue kidogo ndipo uvute. Akaja kwa taa ya kushoto, akaja kwa bolti za viti, ambazo Kisilu atazibadilisha zote kabla mtoto yeyote hajakalia.

"Ni hayo tu?" Muringo akauliza, akimtazama kwa pembe ya jicho, na sauti hiyo Munyiva aliitambua mara moja, maana ilikuwa yake.