Ini la Mzee Ambakisye

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya rufaa, Muuguzi Mkuu wa wodi ya upasuaji alinikabidhi futi ya fundi cherehani. Nilidhani ananitania.

"Ya kupimia matumbo," akasema. "Kila asubuhi, usawa wa kitovu. Likiongezeka, usisubiri nikuulize."

Nilizaliwa Kinyala. Nilianzia wodi ndogo Tukuyu, kisha nikahamishiwa hospitali hiyo ya rufaa, na huko ndiko nilikojifunza habari za ini. Wagonjwa wengi wa saratani ya ini walitufikia wamechelewa. Wachache waligunduliwa mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo, lakini mara nyingi ini lenyewe lilikuwa limekakamaa kwa homa ya ini ya miaka mingi. Ini likikakamaa, damu inayotoka tumboni inakosa njia ya kupita. Presha inapanda katika mshipa unaoipeleka, bandama inavimba, mishipa ya kwenye koo la chakula inatuna na inaweza kupasuka. Nilipoanza kazi huko, mgonjwa mwenye presha hiyo alikuwa hapasuliwi kabisa.

Akaja Daktari Bingwa, mtu mfupi, mkali, asiyependa porojo. Yeye aliwachagua wagonjwa hao mmoja mmoja. Kama macho hayakuwa ya njano, tumbo halikuwa na maji na kipande cha kukata kilikuwa kidogo, alipasua. Wengi wa aliowachagua walirudi mashambani kwao. Wengine hawakurudi, siwezi kuwadanganya.

Mzee Ambakisye wa Ikuti, mkulima wa chai na ndizi, alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya kumruhusu, Bingwa aliniita pembeni.

"Sista, kisu hakikumuua. Kinachoweza kumuua ni wiki nne zijazo. Ini lililobaki likichoka, dalili zitaonekana nyumbani, si hapa. Nani atamtazama?"

"Mkamwana wake, daktari. Mzee ni mjane, na mwanawe yuko zamu kiwandani."

Nikamkalisha Tusekile, huyo mkamwana, nikampa futi na somo zima: macho yakigeuka njano, tumbo likijaa, mzee akilala mchana kutwa au kuongea ovyo, mlete mbio. Tusekile aliangalia sakafu muda wote. "Ndiyo, mama," akasema. Nikamsifu moyoni kwa adabu yake.

Kila nilipopiga simu alijibu, "Hajambo, anakula." Wiki ya tatu nikapata likizo, nikapita Ikuti kuwasalimu.

Nilimkuta mzee amelala saa sita mchana. Macho yake yalikuwa ya njano na tumbo limetuna. Aliniita kwa jina la marehemu mkewe. Mbwa wake, lakini, alikuwa amenenepa vizuri. Nikamgeukia Tusekile kwa hasira, naye alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, ametupa kisogo.

"Hukuona haya yote?"

"Nitamwonaje, mama? Ni mkwe wangu. Naweka chakula mlangoni, naondoka. Sahani nakuta tupu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi ni Mnyakyusa, nimekua nikimwona mama yangu akikata njia migombani asikutane na babu, mkwewe, maana kwetu mkamwana ni mwiko kumtazama baba mkwe. Familia nyingi zimeshaachana na mwiko huo, ila si ya Mzee Ambakisye. Na mimi nilikuwa nimempa mkamwana kazi ya kumpima mkwewe kitovu! Binti wa watu aliitikia kwa heshima tu, nami nikaichukua heshima ile kuwa ni kukubali.

Tulimrudisha hospitali siku hiyohiyo. Bingwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe ni wa hukohuko?" Kwa dawa za kukojoza, chakula kisicho na chumvi na siku nyingi za wasiwasi, maji yalipungua na akili ikamrudia.

Alipopata nguvu za kukaa, mzee alimwita Tusekile, aliyekuwa koridoni.

"Mwanangu, ingia. Inua uso uniangalie. Mwiko nimeuondoa mimi mwenyewe."

Tusekile alisita sana. Kisha akainua uso, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Alilia, nami nikalia, nikisahau kuwa niko kazini.

"Macho bado yana unjano kidogo, tata," akasema, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, asante," mzee akamjibu. "Endelea kuangalia."

Sasa nimestaafu, naishi Bulyaga. Ninyi wauguzi mnaoanza, kabla ya kumruhusu mgonjwa msiulize tu nani atamtunza. Ulizeni kama mtu huyo anaruhusiwa kumtazama.

Mzee aliishi miaka kadhaa, akachuma chai yake, mpaka saratani iliporudi. Nilikwenda msibani. Wakamwana wa ukoo walikaa mbali, vichwa chini. Tusekile peke yake alisogea jenezani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Wenzangu wanazika jina tu, mama," aliniambia tulipotoka makaburini. "Mimi nimemzika mtu ninayemjua."