Sifuri Niliyoisoma Mashuuru

Ukame ulikuwa umemaliza majani mpaka mizizi, na ofisi yetu ya Kajiado ilikuwa inapeleka nyasi kavu kwa lori. Programu ya ugawaji niliiandika mimi, msichana wa Kitengela niliyetoka chuo juzi juzi. Kila boma lilikuwa object moja, yaani kifurushi kimoja cha taarifa, na ndani yake nafasi ya idadi ya ng'ombe, inayokubali namba tu. Nilimwambia bosi tuweke na nafasi ya maneno. Akanicheka, "Ng'ombe ni namba, madam. Wacha mashairi."

Tulipofika Mashuuru nikawa nasoma majina kwenye kompyuta, watu wakipanga foleni. Nikafika kwa mama mmoja mzee. "Ng'ombe, sifuri."

Mama akaja mpaka mezani, shanga zikitetemeka. "Wewe mtoto, umeua ng'ombe yangu na mdomo?"

Haki, nilitamani ardhi inimeze. Wazee wa pale hawahesabu mifugo kwa sauti; ni kuita mkosi. Karani wetu alipopita kuandikisha maboma na kumwuliza ana ng'ombe wangapi, mama alijibu tu, "Wako." Karani akaacha wazi. Sasa Java, lugha niliyoandikia programu, ukiacha namba ya object bila kuipa thamani, inajijazia sifuri yenyewe. Haijui kumtofautisha asiye na kitu na asiyesema.

"Sifuri haipati nyasi," bosi akasema. "Lori linangojwa Isinya. Twende."

"Hatuendi!"

Nilishtuka kusikia ni mimi. Nilikuwa na hasira mpaka vidole vinakosea herufi, na betri ilikuwa inaisha. Nikatoa namba, nikaweka orodha ya maneno, mashine ijihesabie polepole moyoni. Ikakataa: mahali fulani nilikuwa bado nalazimisha neno kuingia kwenye nafasi ya namba. Bosi akapanda lori, akaanza kupiga honi. Nikatafuta huo mstari huku natukana kimoyomoyo, nikaurekebisha. Ikakubali.

"Yeyo," nikamwita, mama kwa Kimaasai, "usinipe namba. Nipe rangi zao."

Akafumba macho. Ile nyekundu. Ile ya mabaka. Ile nyeusi imevunjika pembe. Kila nilipoandika moja, wapakiaji walishusha robota la nyasi. Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Ile nyeupe," akasema.

Wakainua robota lingine. Mama akafumbua macho, akawazuia kwa mkono.

"Hapana, hiyo rudisheni. Ilianguka jana, tukiwangoja nyinyi."