Tufe Lililoanguka Kwenye Ufuta wa Dada

Kazi yangu ni kuwaonyesha wageni kimondo cha Mbozi. Kwa hiyo dada yangu alipopiga simu kutoka bondeni Momba, alikoolewa na mfugaji, hakujieleza sana.

"Mdogo wangu, kuna kitu kimetuangukia toka juu. Njoo, wewe ndiye unayevijua."

Nilikwenda nikitarajia jiwe. Nikakuta tufe la chuma, kubwa kuliko chungu cha pombe, limejichimbia katikati ya ufuta. Upande mmoja ulikuwa umeungua, nyuzi nyeusi zikichomoza kama nywele. Shemeji alikuwa amelizungushia miiba ili watoto na ng'ombe wasisogee.

"Ni kimondo, shemeji?" akaniuliza.

"Hapana. Hiki kimetengenezwa na watu."

Nilisema hivyo kwa sauti ya kazini. Jiwe nalijua, halina mwenyewe. Hiki kilikuwa na alama za kuchomelea. Nikaanza kueleza yale niliyowahi kusoma: kwamba roketi ilianza kama fataki za Wachina, baadaye ikawa silaha ya vita, kwamba Warusi walirusha chombo, wakarusha mbwa, wakarusha mtu, na Wamarekani wakatua mwezini, na kwamba roketi ikipanda huacha vipande vyake, vingine vikazunguka huko juu miaka na miaka kabla ya kuanguka.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo mbwa alirudi?"

"Hakurudi. Alifia huko huko."

"Na humu walikuwamo watu?"

"Sidhani. Naona ni tangi tu."

"Hudhani, au unajua?"

Nililizunguka tena tufe lile, nikitafuta maandishi. Hapakuwa na kitu. Ikabidi niseme kweli: sijui.

"Basi tutawaombea," akasema dada. Sisi tulilelewa Mbozi Mission. Kwake marehemu asiyejulikana ni marehemu vile vile. Shemeji alinong'ona kwamba majirani watatucheka, tunazika sufuria. Lakini majirani hao hao ndio waliokuja, wakavua kofia, wakasimama nje ya miiba.

Nilisimama nao. Sikujua tunamlilia mtu au chuma. Moyoni nilijiambia huu ni ujinga, mimi ndiye niliyepaswa kuuzuia. Halafu dada akaomba kwa ajili ya "wote waliotoka kwao wakaenda mbali wasirudi," na machozi yakanitoka. Ya nini, sijui. Sikuwa na mtu niliyemfikiria.

Baadaye wataalamu walikuja na gari, wakavaa glavu, wakalifunga tufe na kuondoka nalo. Nilimpigia mmoja wao, akanithibitishia: tangi la roketi, halikuwahi kubeba mtu. Nikampigia dada upesi, nikidhani namletea nafuu.

"Nashukuru, mdogo wangu. Sasa yale maombi yalikwenda kwa nani?"

"Dada, hilo nalo sijui."

Akacheka, akaniuliza kama mahindi ya huku juu yameshakomaa. Nami hadi leo sijaelewa: alicheka kwa kunihurumia, au kwa kuwa naye alikuwa hajui?