Siku tulipokwenda kuipigania ghorofa ya mama mkwe, Diani

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo nawaamkia pia. Haya yametukia kwetu nyumbani nami nilikuwepo. Sitatia chumvi, yenyewe yamekolea.

Mimi ni mzaliwa wa Munje, nimeolewa Diani, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Tulikuwa tukiishi kwa mama mkwe wangu, Bi Mishi. Nyumba moja, familia tatu, choo kimoja. Asubuhi mtu huoga kwa zamu kama yuko kambini.

Bi Mishi akaamua kuwajengea wanawe ghorofa juu ya nyumba yake. Ofisi ya mipango ikamjibu kwa adabu: mtaa wenu ni wa makazi tulivu, kila ploti nyumba moja, ghorofa hairuhusiwi.

Utulivu huo, wakuu, hatukuwa tumeuona mpaka tulipoambiwa tunao.

Baadaye ikatangazwa kwamba zoning, ile mipaka ya nini kijengwe wapi, inabadilishwa ili nyumba ziongezeke, wananchi waje kutoa maoni. Bi Mishi akavaa buibui lake jipya, tukaenda.

Wa kwanza kusimama alikuwa jirani yetu wa upande wa bahari. Nitamwita Mstaafu. Alihamia kutoka bara, ana ekari mbili, ukuta mrefu na mbwa wakali.

Alizungumza karibu alie. Ghorofa zitaziba upepo. Zitafukuza mbega. Zitatuletea watu wa aina nyingine.

Bi Mishi akainua mkono.

"Jirani, hujambo? Mpishi wako analala wapi?"

"Ukunda, nadhani," akasema Mstaafu.

"Na anayekufulia?"

"Anatoka Ramisi."

"Na mimi nalala nyuma ya ukuta wako na wajukuu zangu. Sasa hao watu wa aina nyingine ni kina nani, baba? Maana sisi sote unatujua."

Ukumbi ukacheka. Mstaafu akaketi. Afisa aliyekuwa akiongoza kikao akasema, "Shikamoo mama, hoja yako tumeipokea." Makofi.

Adhuhuri ikaingia. Tukatoka kwenda kuswali, watu njiani wakimpa Bi Mishi mkono kama bi harusi. Kikao kingeendelea baada ya mapumziko, lakini sisi tulishasema letu. Waliorudi ni waliokuja na magari.

Mabadiliko yakapita. Ghorofa ruksa. Bi Mishi akapika pilau, na Salim, mume wangu, akaenda kufuatilia kibali.

Alirudi akaketi barazani na helmeti ya pikipiki kichwani.

"Tumeruhusiwa," akasema. "Ila ploti iwe kuanzia ekari moja."

Yetu ni robo.

"Nani kasema ekari moja?" Bi Mishi akauliza. "Mbona sikuisikia?"

"Walikubaliana mchana, mama. Baada ya mapumziko."

Haukupita muda tukasikia miti ikianguka upande wa pili wa ukuta. Mstaafu alikuwa ameleta mafundi wa kujenga ghorofa. Nilikutana naye getini, akaniambia kwa uso mkavu kabisa, "Mama, lazima twende na wakati. Watu wanahitaji makazi."

Nikamwambia hongera. Mtu wa mapokezi huwa hakosi la kusema.

Sasa hapa ndipo mtanicheka. Nyumba ile ya choo kimoja ilitushinda, na karibu na kazi hakuna pengine. Leo mimi na Salim ni wapangaji wa Mstaafu, ghorofa ya pili. Kuanika nguo kwenye veranda ni marufuku, eti wageni wataona.

Bi Mishi alikuja kututazama na sufuria la samaki wa kupaka. Akasimama verandani, akaangalia chini kwenye paa lake kwa muda mrefu. Nilidhani atalia.

"Kumbe mabati yangu yameota kutu hivi," akasema. "Salim, Jumamosi uje na rangi."

Jumamosi Salim akaenda, akapaka.

Nilichojifunza ni kwamba maoni hutolewa asubuhi, vipimo hukatwa mchana. Ukienda kikaoni beba chakula, uswali hapo hapo uani, usiondoke mpaka wafunge mlango.

Haya, nawasikiliza. Nyie wa Mtwapa na Malindi, huko kwenu mwananchi anaanzia ekari ngapi?