Mafuta Kwenye Tundu la Waya

Kutoka kwetu Mutuini hadi chuoni katikati ya jiji si mbali. Mama alilisema hilo kila nilipotaja hosteli, na ubaya ni kwamba alikuwa akisema kweli. Watu wa kwetu huenda mjini asubuhi na kurudi jioni miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kufa kwa sababu hiyo. Kwa nini mimi nihamie huko na godoro kama mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Busia?

Jibu langu lilikuwa moja: mtandao. Nyumbani kwetu, chini kule bondeni, simu hushika mtandao ukisimama kando ya zizi la ng'ombe, na hata hapo ni kwa hisani ya ng'ombe. Nami nilikuwa nimeitwa kusomea kompyuta. Hosteli ya chuo, nikamwambia mama, ina tundu la waya ukutani katika kila chumba. Nikamwonyesha kwa mikono: unachomeka waya huku ukutani na huku kwenye kompyuta, na hapo ndipo chuo chote na dunia yote hupitia kunifikia. Alinisikiliza kwa makini kuliko kawaida yake. Mama yangu si mtu wa kusikiliza mambo ya waya, kwa hiyo ningepaswa kushuku.

"Sawa, enda," akasema mwishowe. "Lakini hiyo mtandao ikikataa, unarudi hapa, unakuwa ukienda shule kutoka nyumbani kama watu wengine. Na sitaki story."

Mama akisema hataki stori, hiyo ni sheria iliyopitishwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba, tuliyoinunua mjini. Aliyetuuzia alikuwa mkweli kwa namna yake. Alitwambia mtandao wa hewani haishiki kabisa, lakini wa waya inashika kama mpya. Na kwetu kitu hakitumiki kabla ya kuombewa. Wamama wa kikundi cha maombi cha kanisa letu wameshaombea magari, mashine ya kukatakata nyasi za ng'ombe, na tangi la maji ambalo hata hivyo linavuja. Jumapili kabla sijaondoka walikuja wakaiweka kompyuta mezani juu ya kitambaa cha kufuma, wakaiombea kwa sauti iliyofika hadi kwa jirani asiyetupenda. Mama ndiye aliyeshika kichupa cha mafuta ya upako. Nilimsikia akilia. Nilikuwa nimefumba macho kama nilivyofunzwa, kwa hiyo mengine sikuyaona.

Hosteli nilipangwa chumba kimoja na msichana wa Kakamega aliyekuwa anasomea uhasibu, mcheshi, mwenye vikombe vingi kuliko nguo. Yeye alichomeka waya wake siku ya kwanza, akaendelea na maisha. Penye waya kuna taa ndogo ya kijani, na ikiwaka ujue umeshika. Yangu haikuwaka. Nikageuza waya. Nikaazima waya wake. Nikazima kompyuta nikaiwasha, dawa ambayo Wakenya tunaitumia kwa mashine zote. Kisha tukachomeka kompyuta yake kwenye tundu langu la ukutani, na taa ikawaka papo hapo. Basi ukuta haukuwa na makosa. Mwenye makosa alikuwa mgonjwa wangu.

"Labda tuiombee," akasema mwenzangu.

"Imeshaombewa."

"Na kina nani? Labda ingetaka kanisa yetu."

Ningecheka zaidi kama si Ijumaa. Ijumaa mchana tulikuwa na mtihani wetu wa kwanza, na mtihani ule ulifunguka ndani ya mtandao wa chuo peke yake, kwenye kompyuta iliyosajiliwa kwa jina la mwenyewe. Ya mwenzako haikusaidii. Maabara ya kompyuta nayo ilikuwa imefungwa, inapakwa rangi. Usipoufanya ni sufuri, na sufuri haikuniuma kama lile lililofuata nyuma yake: ningefunga godoro langu, nirudi Mutuini, na mama angenifungulia lango bila kusema neno, akiwa ameshinda.

Alikuwa akinipigia kila jioni.

"Imeshika?"

"Bado, Mum. Kesho."

"Sawa," anasema. "Ni sawa tu."

Hiyo "ni sawa tu" ilinikera. Nilisikia furaha ndani yake, nikalala nimenuna.

Alhamisi nilipanda ghorofa ya juu kumwita dada wa mwaka wa nne anayesimamia mtandao wa hosteli. Alishuka na ndara, mandazi mkononi.

"Niaje. Ni gani inasumbua?"

Nikamwonyesha. Akachutama, akamulika tundu la kompyuta kwa tochi ya simu, akamulika tena.

"Kwani ulikuwa unakaangia mayai kwa hii laptop?"

Akaingiza kijiti cha pamba. Kilitoka na uji wa rangi ya kahawia, mafuta yaliyochanganyika na vumbi la njia ya kwetu. Nikakinusa. Harufu niliijua tangu utotoni. Nilipakwa mafuta hayo hayo kwenye paji la uso kabla ya kila mtihani wa shule ya msingi.

Dada akalisugua tundu kwa mswaki wa zamani na spiriti, akaniambia niliache likauke, nisiguse kitu, akarudi juu na mandazi yake. Lilipokauka nikachomeka waya. Taa ikawaka kijani, ukurasa wa chuo ukafunguka, nikasajili mashine yangu kwa jina langu. Ningepaswa kurukaruka. Badala yake hasira zilinipanda hadi masikioni. Kompyuta nzima ina kifuniko, ina pembe nne, ina tumbo la chini ambalo hakuna anayelijali, na mama alikuwa amechagua tundu lile lile nililomwonyesha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia mwenzangu kwamba nimehujumiwa kwa mafuta matakatifu. Alicheka hadi akalala chali kitandani.

Ijumaa nilifanya mtihani. Maswali mengine niliyajua, mengine niliyabahatisha, na mtandao haukukatika hata kidogo. Nilipomaliza nilitoka nje na simu, karibu na kamba za nguo, nikiwa nimejipanga vizuri. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, na sauti ya kuyasemea.

"Imeshika?" akauliza, hata kabla ya kunisalimia.

"Imeshika. Nimefanya exam."

Sikumpa nafasi, nikaanza.

"Mum, ile mafuta. Kwa nini uliweka kwa hiyo shimo ya waya?"

"Kwani iliharibu?"

"Ndiyo ilikuwa inakataa. Wiki mzima."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Woi, pole, mtoto wangu. Sikujua," akasema. "Si uliniambia hapo ndio dunia itakuwa inapitia ikikuja kwako? Mlango unapakwa mafuta. Niliweka mingi ndio kitu mbaya isipite."

Nikayaacha maneno niliyoyapanga, nikamuuliza la siku ya maombi.

"Na ulikuwa unalia nini siku hiyo?"

"Niliomba ishike," akasema. "Niliomba na roho yangu yote, na nikalia kwa sababu nilijua Mungu atasikia. Ikishika, wewe haurudi hapa kukaa tena. Utakuwa unakuja tu kutembea."

Nilikuwa nimeshindana naye likizo nzima, nikimletea sababu hii na ile ya kuondoka. Sasa nilitamani kuwa jikoni kwetu dakika ile, nimkalie karibu tu, tusiongee.

"Kesho ni Saturday," nikasema. "Nakuja."

"Usikuje," akasema mama. "Si imeshika? Kaa huko usome."