Mama Mdogo na Grupu la Korongoni

"Hakuna aliyemdanganya," nilimjibu. "Kukaa kimya siyo kudanganya. Na wewe pia umekaa kimya, kwa hiyo usijifanye mwema leo."

Rafiki yangu aliendelea kubandika protekta kwenye simu ya mteja. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya simu, uchochoro wa nyuma ya Msimbazi, na mimi nilikuwa nimeegemea kaunta yake nakula mihogo. Alikuwa ameniambia kitu kimoja tu: tunachomfanyia mama mdogo siyo poa.

Mama mdogo ni mdogo wake mama yangu. Ana miaka hamsini na mbili, anauza vitenge Kariakoo, na ndiye aliyeanza hii habari ya korongo. Hapo ndipo panaponiuma. Siku moja nilikuwa namsaidia kukunja mzigo, nikamwonyesha video kwenye simu: nchi kavu, vumbi tupu, milima imeungua kwa jua, halafu watu wanaingia katikati ya kuta mbili za mawe na kutembea ndani ya maji mpaka kwenye maporomoko. Ni kaskazini huko, karibu na Ziwa Natron. Aliitazama mara tatu. Akaweka kitenge mapajani, akasema, "Tangu nije toka Lindi sijasafiri kwenda popote zaidi ya misibani. Huko nataka kufika, mwanangu. Na mimi niweke."

Siku hiyohiyo nikafungua grupu. Mimi, yeye, na marafiki zangu watatu niliosoma nao sekondari, huyu wa duka la simu akiwemo.

Shida yangu ni moja, sijui kusubiri. Mama mdogo hapendi kuandika, anatuma voisi. Voisi ya dakika nne! Anasalimia kila mtu kwa jina, anauliza wazazi wetu wanaendeleaje, anaombea mvua, ndiyo anauliza swali lenyewe: huko kuna nyoka? Na choo je? Nilikuwa namsikiliza kwa spidi mara mbili na bado naona anachelewa. Mmoja wetu akaniandikia pembeni: "Kwani tunaenda mlimani au kichenpati?" Mwingine akauliza magoti ya mama yakigoma humo majini nani atambeba. Nikacheka. Ningeweza kumtetea, nikacheka.

Nikafungua grupu la pili, sisi wanne tu. Nikawaambia msitoke kwenye lile la kwanza, atashtuka. Akituma kitu mwekeeni ile alama ya moyo, inatosha.

Kwenye grupu jipya mambo yalienda haraka kama nilivyotaka. Ndani ya siku tatu tulikuwa na tarehe, basi la kwenda Arusha, gari la kutoka pale na mwongozaji wa kulekule. Kwenye la zamani mama mdogo aliendelea peke yake. Alituma picha ya raba alizochagua kwenye mitumba ya Mchikichini, zimeoshwa, zimeanikwa dirishani. "Wanangu, hamjambo? Hizi zina meno chini, na nimezikunja hazikupasuka. Zitafaa majini?" Akapata mioyo mitatu. Wiki iliyofuata: "Leo nimetembea kwa miguu toka Ilala mpaka kibandani, na furushi kichwani. Nimefika nahema, lakini nimefika." Mioyo miwili. Mmoja wao ulikuwa wangu, na niliuweka kabla voisi haijaisha.

Basi leo mchana, nikiwa bado na hasira na rafiki yangu, nikaenda kibandani kwake. Nilitaka kujiridhisha kwamba mama mdogo hajali.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mpanda milima mwenzangu!"

Jirani yake anayeuza madera akadakia. "Mwambie huyu mama atulie. Jana kapanda ngazi za ghorofa lile mpaka juu, mkononi hana hata mfuko. Tukadhani anaenda kufumania."

"Cheka tu," mama mdogo akamwambia. "Nikirudi utaniomba picha, na sikupi."

Kisha akanivuta pembeni, akashusha sauti. "Mbona kwenye grupu kumepoa? Mmegombana?"

"Hapana. Bando zimetuishia."

"Wote?"

"Wote."

Akanitazama kidogo. Akatoa simu, akavaa miwani, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Nilidhani anajibu mteja. Mara simu yangu ikatetemeka mfukoni: nimerushiwa bando la wiki. Alikuwa anaturushia wote, mmoja baada ya mwingine, huku anatamka namba zetu taratibu asikosee. "Sasa mtaongea," akasema. "Safari haipangwi kwa kununiana."

Sikukaa. Nikasema naharakisha kazini, nikaenda kusimama kwenye kivuli cha stoo moja wanakoshushia mabelo ya nguo. Kwa bando lilelile nikamwandikia mwongozaji: mtu wa miaka hamsini na mbili anaweza kupita kwenye korongo? Akajibu kwa voisi, anacheka. Mama yake ni mkubwa kuliko huyo na anapita. Muhimu ni kuanza alfajiri kabla mawe hayajashika moto, na kwenda mwendo wa yule wa mwisho. Kwenye gari nafasi ipo. "Mbona hukuuliza tangu mwanzo, dada?"

Swali la dakika mbili. Nimekaa nalo miezi miwili kwa sababu nilishaamua jibu mwenyewe.

Jioni hii rafiki yangu ameandika kwenye grupu letu jipya: "Nimepokea bando toka kwa mama. Umemwambia nini?" Nimetaka kumpigia mama mdogo sasa hivi, nikaahirisha, maana najijua: kwenye simu nitasema harakaharaka na kukata kabla hajavuta pumzi.

Kesho asubuhi nitakuwa kibandani kabla hajatundika kitenge cha kwanza. Nitamwambia tunaondoka Ijumaa, tarehe naijua mwezi mzima, na grupu la pili nililifungua mimi, siyo wao. Nitamwambia pia nafasi yake ipo kwenye gari. Akisema haji tena, sitabishana naye. Nitashika vitenge, nimsaidie kupanga.